Kuuza sarafu za kale kama biashara ya pembeni: bei hutoka wapi na faida hupotelea wapi

Swali la kwanza la anayetaka kuanza biashara hii karibu halibadiliki. Ana shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, ya mwaka 1952, aliyoikuta kwenye mkebe wa bibi, na anauliza ni milioni ngapi. Jibu linavunja moyo. Shilingi hiyo ni ya kopa-nikeli (mchanganyiko wa shaba na nikeli), haina madini ya fedha hata chembe, ilitengenezwa kwa wingi mno, na nyumba nyingi kuanzia Kampala hadi Mtwara bado zina moja au mbili. Anayeijua hatakulipa zaidi ya bei ya soda. Shilingi yenye simba yule yule lakini ya miaka ya mwanzo ya 1920, ambayo manyoya ya simba bado yanahesabika, ina bei tofauti kabisa. Ukiweza kueleza kwa nini, umeshaelewa nusu ya biashara.

Sarafu haipati bei kwa sababu ni ya zamani. Bei yake hutokana na nakala zilizobaki, hali ya ile iliyo mkononi mwako, na idadi ya watu wanaoitafuta leo. Umri husaidia tu pale unapogusa mojawapo ya hayo.

Chukua senti kumi yenye tundu ya mwaka 1936, iliyoandikwa EDWARDVS VIII. Mfalme huyo wa Uingereza alitawala chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba 1936, na nchini kwake sarafu zenye jina lake hazikuwahi kuingia sokoni. Huku kwetu ziliingia, kwa sababu sarafu zenye tundu hazikuwa na sura ya mfalme na kazi ilikuwa kubadilisha jina tu. Historia yake ni tamu. Lakini zilitengenezwa kwa mamilioni, zikatumika miaka mingi, na hadi leo zinapatikana kwa mafungu. Ni bidhaa nzuri ya kuuzia wageni wanaopenda hadithi, ila usiinunue kwa bei kubwa eti kwa sababu mfalme alijiuzulu.

Kinyume chake ni vipande vya Tabora vya 1916. Vita vya Kwanza vya Dunia vilifunga njia ya bahari, Wajerumani wakaishiwa sarafu, wakaanza kuzitengeneza wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora: heller 5 (heller ilikuwa sehemu ndogo ya rupia) za shaba ya njano, heller 20 za shaba ya njano na za shaba nyekundu, na rupia 15 za dhahabu zenye tembo. Zote zina herufi T. Heller 20 zilitoka nyingi, kwa hiyo nakala iliyochakaa haina bei kubwa. Lakini mihuri ya kugongea sarafu ilikuwa zaidi ya mmoja, na ukubwa wa taji na ncha za herufi L hutofautiana. Wakusanyaji wa Ujerumani hununua kwa kufuata tofauti hizo, na muuzaji asiyeziangalia huiuza ile adimu kwa bei ya ile ya kawaida.

Halafu kuna thamani ya madini, ambayo ndiyo sakafu ya bei. Rupia moja ya Kijerumani, ya 1890 hadi 1914, ina uzito wa gramu 11.66 na ni fedha ya 917 kwa 1000, yaani gramu 10.69 za fedha halisi. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1925, na ile ya 1937 hadi 1946, ina gramu 7.78 lakini fedha yake ni robo tu, karibu gramu 1.94. Ile ya 1948 hadi 1952 haina kitu. Chukua bei ya fedha ya siku kwa aunsi, igawe kwa 31.1 (gramu za aunsi moja), zidisha kwa gramu hizo, na utajua kiasi ambacho huwezi kushuka chini yake. Wauzaji wengi wanaoanza hununua shilingi za mfalme George VI (1937 hadi 1952) kama "shilingi za fedha" kwa bei ya rupia, na hapo mtaji unakuwa umekwisha kabla biashara haijaanza.

Mtego wa tarehe wenyewe umo kwenye reale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria, ambayo wafanyabiashara wa pwani na Uarabuni waliitumia kwa vizazi. Karibu zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, na ziliendelea kutengenezwa kwa tarehe hiyo hiyo Vienna, Roma, London, Paris, Bombay na kwingineko hadi karne ya 20. Reale iliyong'aa yenye 1780 mara nyingi ni changa kuliko babu yako. Uzito wake ni gramu 28.07, fedha ni 833 kwa 1000, na ukingoni pana maandishi ya Kilatini JUSTITIA ET CLEMENTIA. Iuze kama fedha na kama kumbukumbu ya biashara ya pwani. Usiiuze kama kitu cha karne ya 18.

Hali ya sarafu

Rupia ya 1891 iliyosuguliwa hadi kofia ya Kaisari ikawa laini, na rupia ile ile isiyopita mikononi mwa watu, zinaweza kupishana bei mara kadhaa. Wanunuzi wa nje hutumia herufi: F ni iliyochakaa lakini alama zake zote zinasomeka, VF ina michoro iliyo wazi na mikwaruzo ya kawaida, XF imechakaa kwenye vilele tu, UNC haijatumika. Kampuni za Marekani za kupima hali, PCGS na NGC, hutoa alama kuanzia 1 hadi 70. Kwa sarafu nyingi za hapa kwetu, gharama ya kuzipeleka huko itameza faida yote. Fikiria njia hiyo kwa kipande kikubwa tu, kama rupia 2 za 1893 au 1894, ambapo mnunuzi hatakuamini bila cheti.

Jifunze kutazama vilele kwanza: nywele juu ya sikio, shavu, bega la simba, manyoya ya tai. Huko ndiko kuchakaa kunakoanzia. Kisha igeuze sarafu taratibu chini ya taa moja. Sarafu ambayo haijaguswa ina mng'ao unaozunguka nayo. Iliyosuguliwa inang'aa sare pande zote, na ukitumia lenzi ya kukuza mara 10 utaona mistari midogo myembamba inayokwenda upande mmoja.

Hapa tusisitize, maana ndipo mali nyingi ya Afrika Mashariki inapoharibikia. Usisafishe sarafu. Si kwa ukwaju, si kwa ndimu na majivu, si kwa Brasso, si kwa dawa ya meno. Asidi ya ukwaju na ndimu hula ngozi ya juu ya shaba na kuacha rangi ya waridi ambayo mkusanyaji anaitambua kwa sekunde moja. Majivu na dawa ya meno hukwaruza. Rangi ya kahawia iliyokomaa kwenye pesa (sarafu ndogo ya Wajerumani) ya shaba ya 1890 hadi 1892 ilichukua zaidi ya miaka mia kujijenga, haitarudi, na ndiyo mnunuzi anayoilipia. Muuzaji wa kijijini akikuahidi kwamba ataing'arisha kabla ya kukuletea, mwombe kwa heshima asifanye hivyo, na mwambie wazi kwamba chafu utainunua kwa bei ya juu zaidi.

Kuna usafi unaoruhusiwa, na mipaka yake ni midogo. Udongo mkavu loweka kwenye maji yaliyochemshwa na kuchujwa, au bora zaidi maji ya betri yasiyo na asidi, kwa siku moja au mbili, kisha acha yakauke yenyewe juu ya kitambaa laini bila kusugua. Utelezi wa kijani unaonata, ambao hutoka kwenye mifuko laini ya plastiki ya PVC, ondoa kwa asetoni halisi kwenye bakuli la glasi, dirisha likiwa wazi na jiko likiwa mbali. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha haifai, kwani huchanganywa mafuta na manukato yanayobaki juu ya sarafu. Vidonda vya kijani vya ungaunga kwenye shaba iliyotoka ardhi ya pwani ni jambo jingine: ni chumvi inayoendelea kula shaba kutoka ndani. Tenga kipande hicho peke yake na umwambie mnunuzi kilivyo.

Vifaa, na namna ya kushika bandia

Vitu vya lazima ni vichache. Mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Kipimo cha kidijitali cha kupimia upana hadi milimita 0.1. Lenzi ya kukuza mara 10. Sumaku yenye nguvu. Kadi za dirisha za sentimita 5 kwa 5 zenye karatasi angavu ya polyester, si PVC. Ukizibana kwa stepla, bonyeza pini zilale kabisa kwa koleo, la sivyo zitakwaruza sarafu ya kadi inayofuata. Ongeza pakiti za silika kwenye boksi la kuhifadhia, hasa Zanzibar, Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, ambako unyevu hauna likizo. Usifunge mafungu kwa mipira ya kubania noti: ina salfa, na salfa huichomea fedha alama nyeusi.

Sarafu ikifika mkononi, pima kwanza, sikiliza hadithi baadaye. Rupia iliyotumika sana inaweza kupungua hadi gramu 11.4 au chini kidogo. Ikisoma 10.1 au 12.5, iache. Sumaku ikiinasa rupia, mazungumzo yamekwisha. Lakini kutonaswa si ushahidi kwamba ni halisi, kwani shaba na risasi nazo hazinaswi.

Kipimo kinachokamata bandia nyingi ni cha ujazo, nacho hakigharimu kitu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala kuta, kisha soma namba. Gawanya uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo. Rupia ya gramu 11.66 inapaswa kusoma karibu 1.13 ndani ya maji, na jibu liwe karibu 10.3. Ukipata 8.9, umeshika kopa-nikeli au shaba iliyopakwa fedha. Ukipata zaidi ya 11, yumkini ndani mna risasi. Hakikisha hakuna mapovu yaliyoganda kwenye sarafu, maana huongeza ujazo na kukupa jibu la uongo.

Mwisho tazama ukingo. Bandia ya kumiminwa huwa na mstari wa maungio kuuzunguka, na uso wake una vishimo vidogo kama vinyweleo. Rupia 2 za 1893 na 1894 na rupia 15 za dhahabu za Tabora zina bandia nyingi. Mtu akikuletea moja kwa bei ya hurumahuruma, chukulia kuwa ni bandia hadi vipimo vyote vikubali.

Rupia inayovuta mchele

Lazima tuliseme hili kwa sauti, kwa sababu watu wamepoteza mashamba. Hakuna rupia inayovuta punje za mchele, inayozima redio, wala inayonunuliwa kwa mabilioni na tajiri kutoka ng'ambo. Rupia ni fedha na shaba. Metali hizo mbili hazivuti mchele. Kinachofanyika ni sumaku iliyofichwa, mchele uliochanganywa unga wa chuma, na mlolongo wa madalali wanaoomba "pesa ya kipimo", "pesa ya mtaalamu", "pesa ya boksi". Muuzaji wa sarafu anayetaka jina safi asikubali hata kuhudhuria kikao cha aina hiyo. Pia usinunue kutoka kwa wachimbaji wa "mali ya Mjerumani": hujui kilikotoka, na sheria haitakusikiliza.

Sheria inapoanzia

Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inayolinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa zimo humo moja kwa moja. Haziuzwi na hazitoki nchini bila kibali, na kuchimba kuzitafuta bila leseni ni kosa. Kuna sababu nyingine ya kuziacha pale zilipo: sarafu ya Kilwa iliyong'olewa ardhini bila kuandikwa ilikuwa wapi, imepoteza karibu kila kitu ilichoweza kutufundisha. Chache zilizookotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, zinazungumzwa hadi leo kwa sababu tu mahali zilipopatikana panajulikana.

Kenya mstari uko karibu zaidi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Kwa tafsiri hiyo rupia ya Mombasa ya 1888, ile ya kampuni ya Waingereza, inaweza kuangukia humo, na hata pesa yenye mchoro wa mizani ya Sultan Barghash wa Zanzibar, ya mwaka 1299 wa Hijria (karibu 1882), ikiwa iliingia Kenya zamani. Kabla ya kuuza au kutuma nje kipande cha kundi hilo, andikia Makumbusho ya Taifa ya Kenya na ubaki na jibu lao la maandishi. Vipande vya baada ya hapo, yaani heller, senti zenye tundu, shilingi za simba, na sarafu za Nyerere na Kenyatta, havina kikwazo hicho, navyo vinatosha kabisa kuendesha biashara ndogo.

Sarafu inayotumika bado usiitoboe wala kuiyeyusha. Leseni ya biashara na namba ya mlipakodi chukua mapema, kwani mnunuzi mkubwa ataomba risiti.

Mtaji na hesabu yenyewe

Tuseme una shilingi 500,000 za Tanzania. Gawa hivi: karibu 120,000 kwa vifaa na kadi, 280,000 kwa bidhaa, na 100,000 zibaki bila kuguswa. Fungu hilo la mwisho ndilo linalokuwezesha kununua vizuri, kwa sababu nafasi nzuri huja bila taarifa. Familia inahama, au sonara amepokea rupia sita na anataka kuziyeyusha jioni hiyo.

Masonara ni chanzo kisichothaminiwa inavyostahili. Watu huwapelekea fedha kuukuu, na sonara huinunua kwa uzito. Ukimzoea na kumlipa kidogo juu ya bei ya madini, atakupigia simu kabla hajawasha moto. Angalia tu matundu na alama za kuchomelea: rupia na reale nyingi zilikuwa mikufu ya harusi, na rupia iliyotobolewa hushuka karibu na bei ya madini hata kama sura yake ni safi.

Sasa hesabu ya mfano. Umenunua fungu la sarafu 40 kwa 60,000. Kadi na nauli zimekula 22,000, jumla 82,000. Ndani ya miezi mitatu umeuza 10 nzuri kwa 6,000 kila moja, na 20 umezipanga kuwa seti nne za sarafu tano, kila seti 10,000. Umeingiza 100,000. Faida ni 18,000, na sarafu 10 mbovu bado zimelala. Si biashara ya kutajirika haraka. Inabadilika pale unapojifunza kutonunua zile 10, au kuzikataa wakati wa kupatana. Kwa bidhaa inayokaa miezi kabla ya kuondoka, usinunue kwa zaidi ya nusu ya bei unayoamini utauzia. Ukiona huwezi kutaja nani atainunua, hiyo siyo bei nzuri hata ikiwa ndogo.

Seti huuzika kuliko kipande kimoja kimoja. Seti ya Tanzania ya 1966, yaani senti 5 ya samaki, senti 20 ya mbuni, senti 50 ya sungura na shilingi ya mwenge, ni zawadi inayoeleweka kwa aliyeko ughaibuni. Vivyo hivyo sarafu za Kenya za mwaka wa kuzaliwa wa mtu. Kenya ya 1966 hadi 1968 haina maandishi kuizunguka sura ya Kenyatta, na kuanzia 1969 maandishi yapo. Watafutaji wa seti kamili huzitaka zote mbili. Ngazi ya juu kidogo ni sarafu za hifadhi za Tanzania za 1974: shilingi 25 ya twiga na shilingi 50 ya kifaru. Kila moja ilitoka kwa fedha ya 500 na kwa fedha ya 925. Mizani ndiyo itakayokutofautishia: twiga wa gramu 25.3 ni wa fedha hafifu, wa gramu 28.3 ni wa fedha safi.

Picha, maelezo na kutuma

Mnunuzi wa mbali hununua picha. Piga mchana karibu na dirisha, bila fleshi, uso, mgongo na ukingo, pamoja na picha moja ya sarafu ikiwa juu ya mizani. Andika nchi, thamani, mwaka, herufi ya kiwanda, uzito, upana na kila kasoro. Kwa senti kumi ya 1936 herufi H, KN, au kukosekana kwa herufi, ni mambo yanayoulizwa kila mara. Usiandike "adimu sana". Mkusanyaji akiona neno hilo bila sababu, hupita. Kwa bei tazama minada iliyokwisha na kiasi kilicholipwa kweli. Bei anayoomba mtu mwingine haithibitishi chochote. Katalogi ya bure ya Numista husaidia kutambua aina.

Ndani ya nchi, lipwa kwa simu kabla ya kutuma kwa basi au posta, na andika kwamba unapokea sarafu ikirudishwa ndani ya siku saba ikiwa si kama ilivyoelezwa. Kwa nje ya nchi, kanuni za Umoja wa Posta Duniani haziruhusu sarafu na madini ya thamani kwenye barua ya kawaida isiyo na bima, na kampuni za vifurushi zina orodha zao za vitu wasivyobeba, kwa hiyo uliza kaunta kabla hujafunga. Kwenye fomu ya forodha andika ukweli: sarafu za kukusanya, kundi 9705, idadi na thamani halisi. Anayepunguza thamani kwenye fomu ili mteja akwepe ushuru hulipwa thamani hiyo hiyo ndogo kifurushi kikipotea. Bana kila kadi kati ya vipande viwili vya katoni ngumu, uvifunge kwa gundi ya karatasi ili sarafu isicheze. Kabla ya kufunga bahasha, ipige picha sarafu pamoja na risiti ya posta kwenye fremu moja. Mteja akisema amepokea kipande tofauti, picha hiyo ndiyo utakayoanzia kumjibu.